Meneja na Tembo wa Mtoni

Kila siku baada ya masomo, binti mmoja hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kona kwenye duka la viatu, akapanda ngazi za jengo lililopakwa rangi ya samawati, kisha akasukuma mlango wa kioo ulioandikwa "Safari za Mbugani". Hiyo ilikuwa ofisi ya mama yake. Kwa maoni ya binti, mjini hapakuwa na mahali muhimu kuliko pale, ukiondoa labda hospitali.

Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi. Alianza na meza, akaja kwenye rafu ya darubini, akapita kwenye ramani kubwa ya mbuga, na mwisho kabisa akafika kwenye picha ya tembo. Picha hiyo aliiacha mwisho makusudi, kama mtu anavyosogeza kipande cha nyama pembeni mwa sahani ili akile baadaye. Ilienea karibu ukuta mzima nyuma ya kiti cha mama. Kundi kubwa la tembo lilikuwa likivuka mto, wakubwa mbele na nyuma, watoto katikati, na mmoja mdogo kuliko wote alikuwa ameshika mkia wa mama yake kwa mkonga. Mama wa binti mwenyewe ndiye aliyeipiga picha hiyo, zamani alipokuwa dereva wa watalii, kabla hajafungua ofisi yake.

"Nani kaipiga hii?" wageni waliuliza hata kabla ya kukaa.

"Mama!" binti alijibu, na mama akakosa hata nafasi ya kufungua kinywa.

Shuleni walimwita Meneja, kwa sababu hakukuwa na siku iliyopita bila yeye kusema "sisi pale ofisini". Waliompa jina hilo walikusudia kumtania. Yeye alilipokea kama cheo, na akalivaa kweli kweli.

Jambo moja tu lilimkera pale ofisini: namna mama alivyozungumza na wageni. Alasiri moja ya mvua aliingia mzee mwenye kofia pana, pamoja na mke wake. Walitaka kuona tembo, basi, hawakuwa na neno jingine. Badala ya kuwaonyesha picha ukutani na kumaliza kazi, mama akaanza maswali yake.

"Mnataka kwenda mwezi gani, mzee wangu?"

"Wiki ijayo."

"Mna watoto? Mgongo hausumbui kwenye barabara mbaya? Mnaweza kukaa ndani ya gari muda mrefu bila kuona kitu?"

"Mama, tunataka tembo tu. Utatuhakikishia tembo?"

"Mnyama siwezi kuahidi, mzee. Hana mkataba na mimi. Ila wakati huu wa mwaka..."

Meneja alikuwa ameshaacha kusikiliza. Neno "siwezi kuahidi" lilipotajwa tu, masikio yake yalijifunga, akaenda kusuuza vikombe kwa hasira. Aliporudi, wageni walikuwa wameondoka. Kupitia dirishani aliwaona wakivuka barabara kwenda ofisi ya jirani, ambako kijana mmoja mwenye tai nyekundu aliahidi kila kitu: simba, tembo, faru, hata jua.

"Si ungewaambia tu wataona!" Meneja alilalamika.

"Halafu wasipoona?" mama aliuliza, akaendelea na kazi yake bila kusubiri jibu.

Siku chache baadaye, mwalimu wa jiografia alisimama mbele ya darasa akiwa anatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Ile safari ya mbugani waliyoisubiri tangu mwanzo wa mwaka sasa ilikuwa imewadia. Wazazi walikuwa wamejinyima kwa ajili yake, na darasa lile lisingepata nyingine, kwani baada ya mitihani kila mtu angekwenda zake.

"Mahali mtachagua wenyewe," mwalimu alisema. "Mwenye pendekezo asimame, atushawishi."

Wa kwanza kusimama alikuwa mvulana waliyemwita Taratibu. Jina hilo lilimfaa, maana kila neno alilipima kwanza ndipo akalitoa.

"Mimi napendekeza mbuga ya Uwandani," alisema. "Majani yake ni mafupi. Mtu anaona mbali hata akiwa ndani ya basi. Na barabara ni ya changarawe."

"Tutaona nini?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Pundamilia wengi. Nyumbu. Nyati pia."

Meneja hakungoja hata kunyoosha mkono. "Pundamilia! Yaani tuamke alfajiri, tupigwe na baridi, kwenda kuangalia punda waliovaa pajama?"

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu aligeukia ubao kuficha meno. Taratibu alikaa chini, taratibu kama kawaida yake, akatazama meza.

Basi Meneja akapata uwanja. Alisimama kifua mbele, akawaeleza kuhusu mbuga ya Mtoni. Tembo wa Mtoni, alisema, ni wengi kuliko wanafunzi wa shule nzima. Wanavuka mto mchana kweupe, mbele ya macho yako, na watoto wao katikati. Kuna mmoja mdogo anayeshika mkia wa mama yake kwa mkonga. Mpaka hapo alikuwa akisimulia picha ya ukutani. Baada ya hapo akaongeza chumvi, na alipoona macho ya wenzake yamemtoka, akaongeza tena.

"Una uhakika tutawaona?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, hii ndiyo kazi yetu nyumbani. Nawaahidi."

Mikono iliyonyooshwa kuchagua Mtoni ilikuwa mingi kiasi kwamba mwalimu hakujisumbua kuihesabu. Wakati wa mapumziko, jirani wa Meneja wa dawati, msichana mpole ambaye alikuwa hajawahi kumwona tembo isipokuwa kwenye vitabu, alimshika mkono.

"Bibi yangu anaumwa miguu, hawezi kwenda popote," alisema. "Nimeamua nitamletea picha ya yule mdogo aliyeshika mkia. Nitamwambia leo leo."

"Mwambie," Meneja alijibu. Siku hiyo alitembea kuelekea ofisini kama mtu aliyetoka kupewa nishani.

Alimkuta mama akizungumza kwa simu, ameiweka mezani kwa sauti ya juu huku mikono yake ikipanga funguo za magari. Aliyekuwa akizungumza ni mjomba, ndugu yake mama na dereva wa ofisi. Alikuwa amewapeleka Mtoni watafiti wa ndege.

"Ndege ni tele, dada, watafiti wanacheka peke yao," mjomba alisema. "Lakini tembo, wapi! Sijaona hata mkia. Maji yamejaa kila dimbwi, watafuata nini mtoni? Wametawanyika milimani. Na matope, usiniulize. Nimetoka kulivuta gari la jirani yetu, la yule kijana wa tai nyekundu. Ndani yake kuna mzee mwenye kofia pana, amenuna huyo! Anasema ameona majani tu, marefu kuliko gari."

Mama alicheka, kisha akamwonea huruma yule mzee. Meneja hakucheka. Kile kitambaa cha vumbi kikabaki mkononi mwake bila kazi.

"Enhe, mwanangu," mama alisema baada ya kukata simu. "Darasa lenu limechagua wapi?"

"Bado," Meneja alijibu. "Hatujachagua."

Ulikuwa uongo mfupi, lakini ulimlemea kuliko maneno yote marefu aliyowahi kusema. Usiku alipanga aseme kesho. Kesho yake wenzake walimpokea getini kwa shangwe, mmoja akatembea mbele yake akipunga mkono mbele ya pua kama mkonga, na yeye akacheka pamoja nao. Angewezaje kusema? Akaamua kufa na tai shingoni. Akaanza kuomba jua. Kila asubuhi alifungua dirisha akiwa na matumaini kwamba mvua imekatika na madimbwi yote yamekauka, na kila asubuhi mvua ilimjibu juu ya mabati.

Jirani yake wa dawati ndiye aliyemtesa zaidi, tena bila kujua. "Bibi amefurahi, hata kula anakula vizuri," alimwambia. "Ametoa kitu ukutani, amesema hapo ndipo tutakapoibandika ile picha."

Siku hiyohiyo mwalimu akatangaza kwamba kesho ataagiza basi na kuwapigia simu watu wa Mtoni.

Alasiri hiyo alipangusa meza, rafu na ramani. Alipofika kwenye picha mkono ulikataa. Alisimama mbele yake muda mrefu mpaka mama akainua kichwa.

"Imekuwaje leo? Tembo wamekutisha?"

Ndipo machozi yakamtoka. Alieleza yote, kuanzia punda wenye pajama mpaka bibi mwenye miguu mibovu. Alieleza na ule uongo wa "bado hatujachagua", kwa sababu alijua akiubakiza huo, asingekuwa amesema kitu.

Mama hakupiga kelele. Alisogeza kiti chake pembeni ili picha yote ionekane.

"Picha hii umeiangalia tangu unajifunza kutembea," alisema. "Hebu niambie, majani yake ni rangi gani?"

Meneja alifuta macho. "Ya njano. Yamekauka."

"Na miti?"

"Haina majani."

"Migongo ya tembo je?"

Alisogea karibu. Aliifahamu migongo ile kama anavyofahamu kiganja chake, lakini hakuwahi kuiuliza kitu. "Ina vumbi. Wote wamejaa vumbi jeupe."

"Sasa chungulia nje."

Nje mti wa mtaani ulikuwa umefunga majani mabichi, maji yakitiririka kwenye mtaro, na mwendesha baiskeli akipita amejifunika mfuko wa nailoni. Meneja alitazama nje, akatazama picha, akatazama nje tena. Kumbe jibu lilikuwa mbele yake siku zote, na kila siku alikuwa akilipangusa kwa kitambaa.

"Ulikuwa ukame," alisema polepole. "Walifuata maji kwa sababu hakukuwa na maji kwingine."

"Sasa umeiona picha," mama alisema. "Ndiyo maana ninawauliza wageni mwezi kwanza. Mbuga nzuri ni nyingi, lakini kila moja ina wakati wake, na wanyama hawakai mahali ili kutufurahisha sisi. Mvua ikinyesha, mimi watu wa ndege nawapeleka Mtoni. Wanaotaka wanyama wakubwa nawapeleka kwenye majani mafupi."

"Uwandani," Meneja alisema, na uso ukamshuka. "Taratibu alisema. Nikamcheka."

"Basi."

"Mama, si umpigie mwalimu simu umwambie?"

"Naweza kumpigia sasa hivi," mama alijibu. "Lakini si mimi niliyewaahidi watoto wale. Neno ni lako, ukalirudishe mwenyewe. Wakikuuliza maswali ya mbuga, hapo mimi nipo."

Asubuhi iliyofuata Meneja alijikaza kisabuni. Alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama palepale alipokuwa amesimama kifua mbele. Safari hii kifua hakikuwa mbele hata kidogo.

"Niliwaambia tutaona tembo Mtoni," alisema. "Sikujua. Nilisimulia picha ya ofisini, na picha ile ilipigwa wakati wa ukame. Sasa hivi tembo hawapo, wametawanyika, na basi letu lingekwama kwenye matope. Nilijua tangu siku ileile, nikanyamaza. Na nilimcheka Taratibu wakati yeye ndiye aliyesema sawa. Nisameheni."

Kisha mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Meneja afukuzwe kazi!" na kicheko kikapasuka. Kilimchoma, lakini alisimama tu. Kilichomuuma hasa ni jirani yake wa dawati, ambaye hakucheka. Aligeuza uso kuelekea dirishani, na Meneja alijua anamfikiria bibi.

Mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa wa Taratibu.

"Mama yako," alisema, akapumzika kidogo, "wageni wanapokuja, huwa anawauliza nini?"

Meneja alimtazama asiamini. Mtu ambaye yeye alimwaibisha mbele ya wote alikuwa anamfungulia mlango. "Huuliza mwezi kwanza. Halafu huuliza mnataka kuona nini, mko wangapi, mna gari gani, na mnaweza kuvumilia nini."

"Haya," mwalimu alisema, akachukua chaki. "Na sisi tujiulize."

Walijiuliza mpaka kengele ikalia bila wao kuisikia. Mwezi ni wa mvua, kwa hiyo Mtoni wakaifuta. Kuna mbuga ya Msituni, lakini Meneja aliwaambia wazi kwamba huko wanyama hujificha na mtu hukaa kutwa nzima akisubiri chui asiyekuja. Darasa lile lisingeweza kukaa kimya hata dakika chache, wakakubali wenyewe kwa kelele. Ilibaki Uwandani, yenye majani mafupi, barabara ya changarawe, na wanyama wanaokwenda kula nyasi changa pamoja na watoto wao.

"Na tembo, je?" jirani yake wa dawati aliuliza, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jibu tamu lilimfika Meneja mdomoni. Alilimeza.

"Wanaweza kupita. Wanaweza pia wasipite. Siwezi kuahidi."

Walichagua Uwandani. Mama aliombwa awasindikize, akakaa kiti cha mbele karibu na dereva, darubini shingoni, na Meneja hakuthubutu kusema "sisi pale ofisini" njia nzima.

Walipovuka lango na basi likapanda kilima kidogo, kelele zote zilikatika. Mbele yao uwanda mzima ulikuwa unatembea. Pundamilia walienea mpaka macho yalipoishia, wamechanganyika na nyumbu, na watoto waliozaliwa juzi walikuwa wakijaribu miguu yao kwa kurukaruka ovyo. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa kwa kidole.

"Hao hapo," Taratibu alimnong'oneza Meneja. "Na pajama zao."

Meneja alicheka mpaka akashika mbavu, naye Taratibu akacheka, na baadaye wote wawili hawakukumbuka tena kwamba waliwahi kukosana. Twiga mmoja alisimama katikati ya barabara akiwatazama kwa dharau kama mwenye nyumba anayetazama wageni wasioalikwa. Waliona nyati wengi, weusi, wakitafuna na kuwakodolea macho. Walipofika kwenye kichaka kimoja, mama alimgusa dereva bega, na wote wakamwona simba jike na wanawe wamelala chali bila aibu yoyote. Mwalimu wa jiografia alisahau ualimu wake, akapanda juu ya kiti.

Tembo hawakumwona hata mmoja. Lakini karibu na bwawa, mahali pa kushukia, mama aliwaita. Kwenye matope laini palikuwa na nyayo, kubwa kama masinia, za usiku uliopita. Yule jirani wa Meneja wa dawati alivua viatu, akaingiza miguu yote miwili ndani ya unyayo mmoja, na nafasi ikabaki. Alisimama humo akitazama chini, mikono imefunika kinywa.

"Amepita hapa," alisema. "Hapa hapa nilipo mimi! Nipigeni picha. Bibi ataipenda hii kuliko ile, maana na mimi nimo."

Mama alipiga picha, kisha akawageukia watoto wote. Hakupaza sauti, lakini walimsikia mpaka wa mwisho.

"Leo mmeona wanyama wakubwa kwa sababu mmoja wenu alikubali kuchekwa," alisema. "Kusema 'najua' wakati hujui ni rahisi, na watu watakushangilia. Kurudi mbele ya watu haohao na kusema 'nilikosea' ni kazi ngumu. Mimi nimeendesha gari kwenye matope ya kila aina, na nawaambia, hiyo ni ngumu zaidi. Kwa hiyo mkiulizwa jambo msilolijua, semeni hamlijui, kisha mkaulize. Mkikosea, rekebisheni mapema, kabla watu hawajapanda basi."

Akaweka mkono begani kwa binti yake. "Picha ya tembo niliipiga mimi, nami najivunia. Ila leo najivunia huyu zaidi."

Meneja alitazama matope ili asionekane macho yake. Darasa likapiga makofi, na safari hii hakukuwa na chumvi ndani yake.

Wiki iliyofuata, picha ya pili ilitundikwa ofisini, ndogo, chini ya ile kubwa. Ilionyesha msichana peku amesimama ndani ya unyayo, na nyuma yake majani mabichi. Meneja alikuwa akiipangusa mlango ulipofunguliwa. Aliingia yule mzee wa kofia pana, viatu vyake bado vina alama za matope, mke wake nyuma yake.

"Mama yupo?" mzee aliuliza. "Bado tunataka tembo."

"Shikamoo, mzee. Mama anakuja sasa hivi, karibuni mkae." Meneja aliweka kitambaa chini, akavuta viti viwili. Mama alikuwa ameshafika kwenye mlango wa chumba cha ndani, lakini alisita pale, akasikiliza.

Mzee alinyoosha kidole kuelekea picha kubwa. "Wale. Utatuhakikishia?"

"Hapana, mzee," Meneja alijibu kwa adabu, uso umemkunjuka. "Kwanza niambie, mnaweza kungoja mpaka mwezi gani?"